Likizo ya uzazi inaisha: nirudi siku tano, nipunguze, au niache kazi?

Habari zenu jamani, karibuni. Leo naongea kwa sauti ya chini kidogo maana mtoto kalala chumba cha pili. Akiamka, video imeishia hapo hapo, msinilaumu.

Kuna kitu mnaniandikia sana: "Wewe huko Uingereza unakula raha, likizo ya uzazi mwaka mzima." Ni kweli, sheria ya hapa inampa mwajiriwa wiki 52. Nyumbani Tanzania ni siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Wakenya miezi mitatu. Ila subirini kwanza. Dada aliyejifungua Dar, siku zake 84 ni za malipo. Hapa wiki 6 za kwanza unapata asilimia 90 ya wastani wa mshahara wako. Zinafuata wiki 33 za kiwango cha serikali, ambacho kwa mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025 kilikuwa paundi 187.18 kwa wiki, au chini ya hapo kama mshahara wako ni mdogo. Wiki 13 za mwisho? Sifuri. Kuna waajiri wanaoongeza chao juu, lakini hiyo ni bahati ya mkataba wako. Ndiyo maana wengi wetu tunarudi kazini kabla mwaka haujaisha. Mwenye nyumba hana likizo ya uzazi.

Sasa mimi zamu yangu ya kuamua imefika, na kila ndugu ananipigia hesabu ile ile: chukua mshahara wa mama, toa ada ya deikea (kituo cha kulelea watoto mchana), toa nauli, kinachobaki hakitoshi hata kununua viatu, basi si bora ukae nyumbani ulee mwanao? Mama yangu mzazi naye kanipigia hesabu hiyo kwenye simu. Nikamuuliza, "Mama, mbona ada yote unaikata kwenye mshahara wangu? Huyu mtoto hana baba?" Akanyamaza. Kisha akacheka, "Haya, kamwambie mwenzio."

Nikamwambia kweli. Tukakaa mezani usiku mmoja, ada tukaitoa kwenye mshahara wangu tukaiandika kwenye matumizi ya nyumba, mstari mmoja na kodi na umeme. Jamani, pesa ni zile zile, lakini mazungumzo yalibadilika kabisa. Tulikuwa tunauliza "mama anafanya kazi ya nini?" Tukaanza kuuliza "sisi wawili tunaimudu vipi miaka hii michache?" Na ni michache kweli. Tangu Septemba 2025, huku England wazazi wanaofanya kazi na wanaotimiza masharti wanalipiwa na serikali hadi saa 30 za malezi kwa wiki, kwa wiki 38 za mwaka, kuanzia mtoto akifikisha miezi 9. Ada inashuka kadiri mtoto anavyokua. Nafasi uliyoiacha kazini haikusubiri.

Tena hesabu ya ndugu haina pensheni ndani yake. Mfanyakazi aliyeandikishwa kwenye pensheni ya kazini, mwajiri anamwekea angalau asilimia 3 ya kipato kinachohesabiwa. Ukiacha kazi, na hiyo inakatika. Haina kupanda cheo wala nyongeza ya mshahara. Profesa Claudia Goldin wa Harvard, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kwamba siku hizi sehemu kubwa ya pengo la mapato kati ya wanaume na wanawake kwenye nchi tajiri inaanza mtoto wa kwanza anapozaliwa. Kumbe si mimi tu.

Kwa hiyo wazo la kuacha kazi nimeliweka pembeni. Sisemi anayeacha kakosea, kuna kazi ambazo hata mimi ningeziacha kabla ya mimba. Ila shoga yangu, kabla hujaandika barua, soma mkataba. Kama mwajiri alikuongezea pesa juu ya kiwango cha sheria, huenda kuna kipengele kinachosema usiporudi unairudisha. Ile ya sheria hairudishwi.

Njia inayonivuta ni kufanya kazi siku nne kwa wiki. Na hapo ndipo pana mtego. Namjua mwenzetu mmoja alipunguziwa siku moja, na mshahara ukapungua asilimia 20 palepale. Kazi haikupungua hata chembe. Ijumaa yake ya mapumziko anajibu barua pepe huku kampakata mtoto. Mimi hapana. Kwenye ombi langu nimeandika kazi gani zinatoka mezani kwangu na nani anaweza kuzichukua, zimetajwa moja moja. Bosi akikubali siku nne bila kugusa ile orodha, nitabaki na tano zangu nilipwe tano.

Kuomba si kazi ngumu. Tangu tarehe 6 Aprili 2024 unaruhusiwa kuomba kubadilishiwa utaratibu wa kazi hata ikiwa ndiyo siku yako ya kwanza, mara mbili ndani ya miezi 12, na mwajiri anatakiwa akupe uamuzi ndani ya miezi miwili. Ni haki ya kuomba lakini, siyo haki ya kupewa.

Kitu wengi hawakijui: ukiwa likizo ya uzazi, siku zako za likizo ya mwaka zinaendelea kujikusanya. Nitazitumia kurudi taratibu, wiki za mwanzo niingie siku tatu na nilipwe zote.

Halafu kuna sehemu nyumbani mmetupita. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshe ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Hapa hakuna sheria inayonitengea muda wa kunyonyesha wala kukamua maziwa. Mwajiri lazima anipe mahali pa kupumzika, ila muda nauomba mwenyewe. Mnaonitania na mwaka wangu mzima, je, mnazidai saa zenu mbili? Au bosi akikunja uso mnazimezea?

La mwisho, kwa dada zangu mlioko hapa kwa viza ya kazi. Haya ya siku nne msiyabebe kichwa kichwa. Viza yenu inategemea mwajiri na kiwango cha mshahara. Ukipunguza siku, mshahara unaweza kushuka chini ya kiwango hicho, na zile saa 30 za serikali huenda zisikuhusu kabisa. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kwanza, bosi baadaye.

Ombi langu limeshaenda. Nasubiri jibu.