Barabara ya Mackinnon ililipiwa na nani?

Assalaam alaykum, wazee wangu na ndugu zangu.

Kila apandaye basi la Nairobi kutoka hapa Mombasa hupita Mackinnon Road. Wengi hushuka pale kwenye kaburi la Seyyid Baghali, wakasoma fatiha, wakatoa sadaka, safari ikaendelea. Huyo Mackinnon mwenyewe ni nani, wachache huuliza.

Sir William Mackinnon alikuwa tajiri wa meli kutoka Uskoti. Barabara yake ya kwanza huku kwetu aliianzisha Dar es Salaam mwaka 1877, pamoja na Mwingereza Buxton, kwa idhini ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar. Ilikusudiwa ifike Ziwa Nyasa. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe wa kukokota, na kufika 1881 kazi ikaachwa, maili 70 na ushei tu zimekatwa.

Mwaka 1887 Barghash akampa Mackinnon mkataba wa kusimamia pwani hii kwa miaka 50, na 1888 kampuni yake, Imperial British East Africa Company, ikapata hati, yaani kibali, ya Malkia wa Uingereza. Ndipo ikakatwa njia ya mikokoteni kupitia nyika ya Taru hadi Kibwezi, na hiyo ndiyo Barabara ya Mackinnon. Kabla ya hapo mzigo ulikwenda kichwani mwa mpagazi, kiasi cha frasila mbili, kama kilo 32. Mwenye kuijua Taru wakati wa kiangazi anajua nasema nini: miba, vumbi jekundu, na maji ni ya kubahatisha.

Je, serikali ya Uingereza iliisaidia vipi kampuni? Kwa hati. Hati iliruhusu kutawala na kutoza ushuru, fedha haikuleta; barabara ikalipiwa na kampuni yenyewe. Bunge la Uingereza lilitoa pauni 20,000 mwaka 1892, lakini hizo zilikuwa za kupima njia ya reli. Mackinnon akafa 1893, kampuni ikiwa hoi.

Mwaka 1895 serikali hiyo ikaichukua nchi, na kampuni ikalipwa pauni 250,000. Hapa ndipo panaponiuma. Pauni 200,000 kati ya hizo zilitoka Zanzibar. Na ni fedha gani? Ni kiasi kilekile Wajerumani walichomlipa Sultani mwaka 1890 kwa pwani yake kutoka mto Umba hadi mto Ruvuma, ambayo leo ni ya Tanzania. Kwa hiyo bei ya pwani moja ilitumika kuikomboa nyingine, na iliyokombolewa ikawekwa mikononi mwa Waingereza, ambao wao walitoa pauni 50,000 tu.

Mkipita pale safari ijayo, mtoto akiuliza jina lile ni la nani, mwambieni na habari ya zile pauni 200,000.