Hodi kwenye Poti 2049

ZUHURA: Karibuni tena wapenzi wasikilizaji. Leo sauti imekauka, na Baraka anajua kwa nini.

BARAKA: Jumanne, saa nane usiku, simu inaita. Salamu hakuna. "Baraka, folda haifunguki!"

ZUHURA: Tulihamisha seva ya mteja kwenye mtandao mdogo mpya, hukohuko kwenye wingu la Amazon. Risiti zote ziko kwenye folda ya pamoja ya NFS, yaani folda inayokaa mashine nyingine na kufikiwa kupitia mtandao. Nikaandika amri ileile ya siku zote ya kumaunti, yaani kuiunganisha folda na seva. Kimya. Nasubiri, nasubiri, halafu naambiwa muda umekwisha. Nikavamia ruhusa za folda: chmod ya kubadili ruhusa, chown ya kubadili mwenye folda, saa tatu zikateketea.

BARAKA: Na ruhusa hazikuhusika kabisa.

ZUHURA: Kabisa. Kanuni za ulinzi za folda zilikuwa zinaitambua seva ya zamani peke yake. Hii mpya, poti 2049, yaani mlango wa NFS, imefungwa. Nikaongeza mstari mmoja, folda hiyoo!

BARAKA: Ungejaribu nc, ile amri ya kupima kama poti inafikika, kwenye 2049 kwanza, dada. Ni kupiga hodi tu. Kimya mpaka muda unakwisha, mara nyingi ujumbe umemezwa njiani, hukufika mlangoni. Ukikataliwa papo hapo, mashine ipo ila huduma haisikilizi. Ukiambiwa "wewe huruhusiwi", basi umefika, sasa ndiyo ukaangalie ruhusa.

ZUHURA: Hiyo ya hodi nimeipenda. Bibi yangu Pangani alitufundisha hodi ni tatu. Ya kwanza wasikie, ya pili wajistiri, ya tatu wajibu au uende zako.

BARAKA: Kwetu Ukerewe ukikuta kimya unakaa chini ya mwembe.

ZUHURA: Mpaka lini?

BARAKA: Mpaka mwenyeji arudi shamba. Atakuja na muhogo, utakula.

ZUHURA: Baraka! Nyumba ya watu?

BARAKA: Ukiondoka ndiyo umewatukana. Bibi yako angemkosa mjomba wangu kila mwaka.

ZUHURA: Sasa sikiliza, maana huo mwembe wako ndio ulioniliza. Folda ilipofunguka, nikafuta kiungio cha upande wa zamani, yaani pale seva ya zamani inapoifikia folda. Nikasahau seva ya zamani bado inahudumia watu. Folda humo imemauntiwa kwa hard, yaani kungoja bila kukata tamaa, na Linux usipochagua ndiyo inayokupa. Kila ombi likaenda kukaa chini ya mwembe. Tovuti nzima ikaganda, hata df, amri ya kuangalia nafasi ya diski, haijibu. Ningeweka soft, ingepiga hodi zake, ikakosa, ikarudisha kosa, watu wakaendelea na kurasa nyingine.

BARAKA: Hapo sikubaliani nawe. Programu iko katikati ya kuandika risiti, soft inakata tamaa. Kama aliyeiandika hakukagua kosa, mteja anaambiwa imehifadhiwa, na faili nusu yake haipo. Mwongozo wenyewe wa NFS unaonya kwamba soft inaweza kuharibu data kimyakimya.

ZUHURA: Basi programu ikague makosa! Na mtu anayesubiri risiti usiku wa manane, umwambie nini?

BARAKA: Asubiri. Kuchelewa kunarekebishika. Risiti iliyopotea utaitoa wapi?

ZUHURA: Kuganda kwa tovuti nzima si kuchelewa, Baraka. Mimi nilikuwa naziona simu zinavyoingia.

BARAKA: Ongeza timeo basi, ule muda wa kungoja jibu, lakini usiguse hard kwenye folda inayoandikwa.

ZUHURA: Kwenye hard, timeo inapanga tu urefu wa kungoja kabla ya kupiga hodi tena. Kuondoka haondoki.

BARAKA: Na ndivyo ninavyotaka. Asiondoke.

ZUHURA: Mimi naiweka soft.

BARAKA: Mimi siweki sahihi yangu hapo.

ZUHURA: …Haya. Tumebakiwa na dakika mbili, na tuliahidi mambo matatu.

BARAKA: SMB, njia nyingine ya kushiriki folda, na poti 445; NFS toleo la 3 na poti 111; halafu fstab, faili lenye orodha ya folda za kumaunti seva inapowaka.

ZUHURA: Hatujagusa hata moja.

BARAKA: Ya 445 niseme upesi: watoa huduma wengi wa intaneti wanaifunga, kwa hiyo ukimaunti folda ya Azure, wingu la Microsoft, kutoka nyumbani…

ZUHURA: Wiki ijayo, muda hautoshi.

BARAKA: Sawa. Lakini kwenye fstab ya ile seva mpya, nofail umeandika, ili iendelee kuwaka hata folda isipopatikana?

ZUHURA: Bado.

BARAKA: Dada, usiiwashe upya leo. Nisubiri, nakuja na kompyuta yangu.