Flashi Iliyosema Mbele ya Diski

Hamjambo? Ahsanteni kwa kuyaacha madafu ya kule ufukweni Mama Ngina mkaja kukaa humu kwenye joto, tuzungumze ujumbe wa makosa wa kompyuta.

Nianze na aibu yangu. Enzi za Windows XP, mama mmoja wa Mwembe Tayari aliniletea kompyuta ya dukani kwake. Ukiiwasha, skrini nyeusi, maandishi meupe: NTLDR is missing. Nikamwambia, "Mama, faili la kuwashia limepotea." Nikaitoa diski, nikaifunga kwenye mashine nyingine. Faili zote zipo, na NTLDR yenyewe imekaa pale yanitazama! Nikairudisha. Ujumbe uleule. Adhuhuri ikaingia, alasiri ikaingia. Mwishowe mwanawe akauliza, "Mjomba, nichukue flashi yangu hapo nyuma?" Akaichomoa. Kompyuta ikawaka.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa. Mashine ikipata umeme, bayosi, ile programu ya kwanza kuamka ndani ya kompyuta, hubisha hodi mlango kwa mlango ikitafuta wa kukabidhiwa kazi. Siku ile flashi ilikuwa mbele ya diski kwenye foleni. Bayosi ikasoma kipande chake cha mwanzo, baiti 512 tu, ikaiachia usukani. Na humo, tangu flashi ile ilipofomatiwa kwa XP, mlikuwa mmeandikwa programu ndogo ya kutafuta NTLDR, pamoja na maneno ya kulalamikia ikikosekana. Kwa hiyo iliyosema ni flashi, wala haikusema uongo: kwake haikuwepo. Mimi ndiye niliyedhani ni diski inayolia.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza ujumbe wasemaje, huuliza ni nani anayesema.

Chukueni ile betri ya duara inayotunza saa ya kompyuta, CR2032, ya volti 3. Ikifa, saa hurudi nyuma miaka. Mteja hufungua tovuti ya benki, akaambiwa cheti, yaani kitambulisho cha tovuti chenye tarehe zake, si halali, akaja mbio kwamba ameibiwa. Kumbe kivinjari kimelinganisha tarehe tu.

Kompyuta zinazopiga milio bila kuandika neno sizigusi leo. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, nyote mwajua kuyasugua kwa kifutio meno ya ramu, kile kijibao cha kumbukumbu. Na yule aliyeandika "kibodi haikuonekana, bonyeza F1", sijui alitaka tuibonyeze wapi.

Haya, mashine hii hapa ni nzima, nimeijaribu asubuhi. Nani ana flashi mfukoni?