Kabla Hujafungua Kabureta

Mhadhara kwa mafundi na madereva wa bodaboda, Mtwara

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo. Leo tunaongelea pikipiki zilizokwisha kula barabara: injini za silinda moja, cc 125 hadi 150, ambazo nyingi zimefuata muundo wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Ndizo hizi zinazopanda mlima wa Newala na gunia la korosho nyuma.

Pikipiki ikikohoa kidogo tu, fundi keshashika bisibisi na bakuli la kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, liko chini. Hapo ndipo tunapoharibu. Kabureta iwe ya mwisho kufunguliwa. Mafuta yana safari yake: mfuniko wa tangi, koki, mpira, chujio, ndipo yafike kwenye kabureta. Yafuateni kwa mpangilio huo.

Mfuniko una kitundu cha kupitisha hewa. Kikiziba, mafuta yakishuka hakuna hewa ya kushika nafasi yake, kwa hiyo yanagoma kushuka. Pikipiki inakwenda kilometa kadhaa inazima. Ukikaa kidogo inawaka tena. Siku ikizima hivyo, fungua mfuniko palepale. Ukisikia hewa inaingia "fyuu" na pikipiki ikawaka, zibua kitundu, kazi imekwisha.

Kama siyo hilo, chomoa mpira kwenye kabureta, uingize kwenye chupa ya plastiki inayoonesha ndani, fungua koki. Sigara mbali, tafadhali. Pikipiki ya cc 125 hunywa lita 2 hivi kwa kilometa 100. Kwa mwendo wa 60, hiyo ni mililita 20 tu kwa dakika. Ukipata mililita 100 kwa dakika, njia iko wazi. Yakidondoka matone, kabureta haina kosa: tazama koki na chujio lake.

Mafuta hayo usiyarudishe tangini upesi. Yaache yatulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko petroli, yatajitenga chini, na kutu italala pamoja nayo. Pwani yetu hii ina unyevu na chumvi. Tangi linalolala nusu tupu hutoa jasho kwa ndani. Petroli ya chupa za barabarani nayo mnaijua wenyewe.

Sasa choki, kile kizibo kinachopunguza hewa ili mafuta yazidi. Hiki ni kipimo cha bure na wengi hamkitumii. Injini ikiwa imepata moto, weka choki nusu. Ikitulia na kuvuta vizuri, ilikuwa na njaa ya mafuta: jeti, yaani kijitundu kinachopima mafuta ndani ya kabureta, imeziba, au kuna hewa ya wizi. Ikizidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, mafuta yalikuwa yamezidi tayari. Kathibitishe kwenye plagi: nyeupe ni njaa, nyeusi yenye masizi ni kuzidi, na rangi ya korosho iliyokaangwa ndiyo tunayoitaka.

Hewa ya wizi hupita kwenye kiungo cha kabureta na injini, oringi, ile pete ya mpira, ikikauka. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kushika resi, inapanda yenyewe, na ukiachia resi injini inachelewa kushuka. Nyunyizia maji ya sabuni hapo. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Usikaze nati kwa hasira, maana mdomo wa kabureta unapinda, na ukishapinda hata oringi mpya haizibi.

Mkifika kwenye jeti, ulizeni kwanza: inasumbua resi ikiwa wapi? Sailensa hadi robo ya resi ni jeti ndogo. Robo hadi robo tatu ni sindano, ile inayopanda na kushuka kufuata resi. Kuanzia hapo ni jeti kubwa. Kipande cha utepe kwenye mkono wa resi kitakuonesha.

Tundu la jeti ndogo halifiki nusu milimita, ndiyo maana huziba kwanza pikipiki ikilala wiki kadhaa bila kuwashwa: petroli inakauka na kuacha utomvu. Lowekeni, kisha pulizeni hewa ya kompresa, boya, lile linaloelea kwenye bakuli la kabureta, likiwa limeshatolewa. Waya wa chuma marufuku! Shaba ya jeti ni laini, ukiikwangua umepanua tundu na ulaji wa mafuta utapanda daima. Mshipi mwembamba wa kuvulia samaki unatosha, na hapa Mtwara haujawahi kukosekana.

Skrubu ya hewa: ifunge taratibu hadi iguse, usiikaze, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Ikiwa upande wa chujio la hewa, kuifungua ni kupunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini, kuifungua ni kuongeza. Watu hugombana kijiweni kwa hili, kumbe kila mmoja ana kabureta yake.

Swali kutoka nyuma: petroli inavuja kwenye mpira wa chini wa kabureta, wakati pikipiki imesimama. Ni boya au kisindano chake, kile kinachofunga mafuta bakuli likijaa. Litikise boya, likilia mafuta ndani, limetoboka. Kama ni zima, kitazame kisindano: ncha yake ya mpira ikiwa na mkwaruzo wa duara, badilisha. Halafu chomoa kijiti cha oili, unuse. Ikinuka petroli au imepanda kupita alama, usiwashe kamwe: mwaga, weka oili mpya, ndipo upige kiki. Mpaka kisindano kipatikane, funga koki kila unapoegesha.