Vivuko vya Ruvuma tusiviache vipotee

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo zenu. Asanteni kwa kunialika hapa Mikindani. Habari za chanzo cha mto sitakaa nazo, kila mtu shuleni kafundishwa kwamba Ruvuma inaanzia milima ya Matogoro kule Songea, inashuka kilomita kama 800 mpaka baharini huku kwetu. Mimi leo nimekuja kuongelea vivuko.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anachota maji Ruvuma kwa kata, kifuu cha nazi kimefungwa kwenye mti mrefu kuliko yeye, anasimama juu ya ukingo anashusha mti wake taratibu anachota, anamimina, anashusha tena, mpaka ndoo ijae mkono ushakufa ganzi. Sababu ni mamba. Na kabla hajachota anautazama mto kwanza, fungu la mchanga limehamia wapi, maana Ruvuma haikai sehemu moja jamani, masika inakula ukingo huku inaenda kulundika mchanga kule, kiangazi kikija mkondo ushahama na pale ulipovuka mwaka jana sasa hivi ni shimo. Mwenye mtumbwi anajua hayo kwa upondo wake, anagusa chini anajua hapa mchanga hapa tope, anapinda kushoto wewe abiria hujaona kitu.

Ndo maana wageni mto huu uliwasumbua sana. Livingstone 1861 aliingia na meli yake Pioneer akidhani atapanda mpaka karibu na Ziwa Nyasa, hata mbali hakufika akageuka, maji yalikuwa yanapungua akaogopa kukwama. Aliporudi 1866 akashukia hapahapa Mikindani, safari hii bara akaenda kwa nchi kavu.

Halafu 1886 Wajerumani na Wareno wakakubaliana kule Ulaya kwamba Ruvuma ndo mpaka. Hata wenyewe haukuwatosha, 1894 Wajerumani wakavuka wakachukua Kionga, upande wa kusini wa mdomo wa mto, Wareno wakairudisha 1916. Mwaka uliofuata, Novemba, Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani kwenye vita vya kwanza vya dunia, akakimbia Waingereza akavuka mto pale Ngomano na jeshi lake na wapagazi, na hao wapagazi walikuwa watu wetu, ndugu zangu, babu za watu waliokaa humu ndani.

Sasa kwa Mmakonde mto huo ulikuwa katikati ya nyumba. Mnajua kwetu mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ndo mwenye sauti, na mjomba wako akiwa ng'ambo basi jando ni ng'ambo, msiba ni ng'ambo, utavuka tu. Baada ya mauaji ya Mueda kule Msumbiji, Wareno walipowapiga watu risasi tarehe 16 Juni 1960, na vita ya uhuru wa Msumbiji ilipoanza 1964, walivuka maelfu kuja huku, wengi usiku, na aliyewavusha ni mtu mwenye mtumbwi wa gogo na upondo, hana cheo wala picha yake haipo popote. Hilo linaniuma kwa kweli. Tunawataja viongozi, na ni haki yao, ila yule aliyeingia majini gizani mara nne kwa usiku mmoja nani anamtaja?

Tangu 2010 tuna Daraja la Umoja la kwenda Msumbiji pale Mtambaswala, mita 720, nimelipita na nimefurahi, lori linavuka na mzigo wake. Lakini Mtambaswala na Mahurunga ni mbali sana, huku chini watu bado wanategemea maji, na vivuko vidogo kila kimoja kilikuwa na jina lake, jina la mwenye mtumbwi, la mti, la mtu aliyeliwa na mamba pale. Wazee wanaoyajua wanaondoka kila mwaka. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo 3 kutoka kwa bibi, moja nimeshalisahau, nimelitafuta kichwani miaka miwili halirudi.

Kwa hiyo kuna daftari linapita hapo, limeanzia kwa mama mwenye kanga ya njano. Mwenye jina la kivuko aandike, na kilikuwa kijiji gani, na nani alikuwa anavusha. Asiyejua kuandika amwambie kijana wa jirani yake, kwa Kimakonde, Kiyao, Kimakua, vyovyote. Mzee wangu hapo mbele naona ushanyanyua mkono, haya tuambie, tunakusikiliza.