Jino la Kombo na Matumbawe ya Florida

KOMBO: Hamjambo wasikilizaji. Leo mkisikia sauti yangu imekaa upande, si mitambo.

MWANAISHA: Mngeuona uso. Jumatatu shavu lilikuwa limefura kama hamri.

KOMBO: Gego, yakhe. Usiku kucha nazunguka sebuleni na kitambaa cha barafu. Asubuhi daktari wa meno akaniandikia amoksisilini, dawa ya kuua bakteria, vidonge 15. Vitatu kwa siku, siku tano.

MWANAISHA: Umemeza vingapi?

KOMBO: Tisa. Alhamisi uvimbe ulikuwa umekwisha.

MWANAISHA: Na sita?

KOMBO: Dada, tuna mada. Nikiwa pale kwenye benchi nasubiri zamu, nasoma simu, nakuta wazamiaji wa Florida, Marekani, wanayapaka dawa matumbawe yanayougua. Natazama jina, natazama karatasi yangu. Amoksisilini! Mimi na jiwe la baharini tunatibiwa kwa dawa moja.

MWANAISHA: Si jiwe. Tulikosana juu ya hili kwenye kipindi cha pweza.

KOMBO: Nyumba ya bibi yangu Mji wa Kale, Mombasa, kuta zake ni matumbawe. Fort Jesus ni matumbawe. Unaniambia Wareno walijenga ngome kwa wanyama?

MWANAISHA: Kwa mifupa yao. Chukulia hilo gego lako na ufizi. Mnyama ni ile nyama nyembamba ya juu, jiwe la chini amejijengea mwenyewe. Mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi hapa kwetu, matumbawe yalipauka na mengi yakafa, lakini linalopauka tu, nyama yake bado ipo. Likipata nafuu hurudi. Ugonjwa huu wa Florida nyama yenyewe inabanduka. Kidonda kinatambaa, na nyuma yake unabaki mfupa mweupe.

KOMBO: Shavu limeanza kuuma upya.

MWANAISHA: Ulionekana mwaka 2014 karibu na Miami. Ukasambaa mwamba wote wa Florida, ukavuka kwenda visiwa vya Karibi na Meksiko. Unashambulia aina zaidi ya 20, na nyingi ni zile zinazojenga mwamba wenyewe. Tumbawe limekua miaka mia na zaidi, linamalizika kwa wiki chache au miezi.

KOMBO: Na mdudu wake?

MWANAISHA: Hawajamshika. Kwa kuwa dawa ya bakteria inausimamisha, bakteria wana mkono humo. Wengine wanatazama virusi vinavyowasumbua wale mwani wadogo wanaoishi ndani ya tumbawe na kulilisha.

KOMBO: Sasa sikieni inavyopakwa. Dawa inachanganywa na kitu kama mafuta mazito, ili itoke polepole. Mzamiaji anazama, anaibandika kwa vidole pembezoni mwa kidonda, tumbawe moja moja. Mimi daktari wangu hakunishika shavu kwa upole namna hiyo.

MWANAISHA: Wewe ungemng'ata. Kuna na njia nyingine, watafiti waliitangaza mwaka 2023. Walichukua bakteria kutoka kwa tumbawe lililokataa kuugua, wakawakuza, wakawapa matumbawe mengine. Na ili wasichukuliwe na maji, tumbawe zima linafunikwa kwa mfuko wa plastiki.

KOMBO: Plastiki? Jaribu hilo Nyali uone. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 nabeba muhogo mkononi, halafu tumbawe lipewe mfuko!

MWANAISHA: (anacheka) Utamweleza askari ni wa mgonjwa.

KOMBO: Lakini dawa inafanya kazi. Mwaka 2021 walitoa matokeo, vidonda vilivyopakwa vilipona 95 kwa 100.

MWANAISHA: Vile vilivyopakwa. Malizia. Tumbawe lilelile liliweza kuota kidonda kingine pembeni. Ndiyo maana siafiki. Unamwaga dawa ya wanadamu baharini, unawafundisha bakteria kuizoea, na kesho unarudi na chupa ya hewa mgongoni kupaka tena. Mpaka lini? Pesa hizo ziende kwenye maji machafu yanayoingia baharini, na kwenye meli.

KOMBO: Meli zina nini?

MWANAISHA: Yale maji ya balasti. Meli inayajaza tumboni bandari moja, inakuja kuyamwaga nyingine. Watafiti wanashuku ugonjwa umesafiri hivyo baina ya visiwa. Na sisi tuna bandari ya Kilindini.

KOMBO: Sawa, safisheni. Lakini mimi Jumatatu usiku ungeniambia, Kombo, ngoja kwanza tuangalie chanzo, wacha sukari kwenye chai miezi sita? Mayai yanatoka kwa yale matumbawe makubwa. Wazee hao wakifa hakuna wa kutaga. Mzee wa miaka mia tatu anapakwa dawa leo, chanzo kitatafutwa kesho.

MWANAISHA: Wewe ni gego moja. Kule ni mwamba mzima.

KOMBO: Kila gego lina mwenyewe.

MWANAISHA: Na bakteria sugu wana mwenyewe?

KOMBO: Wapake!

MWANAISHA: Wasipake! Tukae hapa mpaka maji ya bamvua yaje, sitabadilika.

KOMBO: Wala mimi.

MWANAISHA: (kimya) Na watu wasidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Mwaka 2002 pwani hii yetu ya Kenya matumbawe ya jamii ya Montipora na Astreopora yalikufa kwa haraka, watafiti wakashuku kuvu. Sisi tulikuwa wapi?

KOMBO: Mimi nilikuwa Bamburi naogelea juu yake. Nikiyaita mawe.

MWANAISHA: Haya, nilikuwa nimeandika mambo matatu msikilizaji akiona doa jeupe kwenye mwamba...

KOMBO: Mwenye chumba anagonga. Watu wa kaswida wamefika.

MWANAISHA: La kwanza tu. Usikanyage, piga picha, na...

KOMBO: Wanaingiza matari, dada.

MWANAISHA: Basi wiki ijayo. Lakini hutoki hapo mlangoni mpaka useme. Vile sita viko wapi?

KOMBO: Nimempa mjomba.

MWANAISHA: Kombo!

KOMBO: Na yeye jino linamuuma!