Matangazo yanayojitokeza yenyewe kwenye kompyuta: yatoe bila kupiga Windows upya

Karibuni tena mezani kwangu, hapa Mwanga, Kigoma mjini. Leo utangulizi hauwi mrefu, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anajieleza. Tazameni kona ya chini, kulia. Nimefungua Chrome, nikaishusha chini ya kioo, na sijagusa kitu kingine. Subirini kidogo... hiyo hapo. Ngao nyekundu, na maneno yanayosema kompyuta yako ina virusi vitano, bonyeza usafishe. Imeondoka, imekuja nyingine: umejishindia simu. Hii ya tatu nimeiziba, maana najua wengine mnatazama mkiwa na watoto.

Laptopu hii ni ya mama mmoja anayesafirisha dagaa na mawese kutoka Kibirizi. Ameniruhusu nirekodi, sharti nisioneshe majina ya wateja wake. Kabla ya kuja kwangu alikwenda kwa fundi mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile: mama, hii ina virusi, tupige Windows upya, yaani tufute yote na kuiweka mpya. Akalipa. Mara ya kwanza faili lake la madeni likafutika, hesabu za miaka miwili, nani kachukua madumu mangapi ya mawese na nani hajamaliza kulipa. Hakuna aliyemuuliza kama ana nakala. Na matangazo? Yalirudi wiki ile ile.

Hilo ndilo lililonifanya nirekodi video hii. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu kwa jina la virusi hazihitaji kupigwa Windows upya. Ama kuna tovuti ilipewa ruhusa ya kutuma taarifa, ama kuna kiendelezi, kijiprogramu cha nyongeza, kimejipachika kwenye brauza, yaani Chrome na wenzake, ama kuna programu ndogo iliyoingia imeshikana mkono na programu nyingine. Vyote vitatu vinatoka, na faili zako zinabaki zilipo.

Hata hivyo, tunaanza na flashi. Chomeka, nakili picha, nyaraka na hesabu zako, kisha ichomoe uiweke pembeni. Hata kama unaenda kwa fundi unayemwamini kama ndugu yako, fanya hivyo kwanza.

Sasa tuanze kazi. Kompyuta nyingi huku kwetu ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno ya kwenye kioo nitayasoma kama yalivyo.

Fungua Chrome. Pale juu unapoandika anwani ya tovuti, andika chrome://settings/content/notifications, kisha bonyeza Enter. Shuka mpaka palipoandikwa "Allowed to send notifications". Hapa pana tovuti kumi na moja. Nikimuuliza mama, anaijua moja tu. Nyingine ni majina ya herufi zilizochanganywa tu, hayasomeki kwa lugha yoyote.

Ziliingiaje? Nimeitafuta moja niwaonyeshe kwa karibu. Ukurasa ni mweupe, katikati pana picha ya roboti na mshale unaoelekeza juu kushoto, na maneno: bonyeza Allow kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Mtu alikuwa anatafuta mechi ya kuangalia au wimbo wa kupakua, ana haraka, anabonyeza. Hapo hajathibitisha kitu. Ameipa ile tovuti ruhusa ya kumtumia ujumbe wakati wowote, hata akiwa ameshaifunga. Ile ngao nyekundu haikutoka kwenye Windows, na hakuna aliyepima virusi. Ni tangazo lililovalishwa nguo za onyo. Ukiitazama vizuri, chini ya maneno yake utaona jina la Chrome au anwani ya tovuti iliyoituma.

Kuiondoa, bonyeza nukta tatu mbele ya kila jina, chagua "Block". Kuna na "Remove", lakini ukitumia hiyo, tovuti inaweza kukuomba ruhusa tena siku ukipita kwake. Mimi huchagua Block. Halafu panda juu ya ukurasa huo huo, uweke alama kwenye "Don't allow sites to send notifications". Ukifanya hivyo hakuna tovuti mpya itakayokuuliza tena. Kuna watu wangu walimaliza tatizo lote hapa hapa, kwa dakika tatu.

Ya mama haikuishia hapo. Akitafuta kitu Google, ukurasa unaruka kwenda kwenye mtambo mwingine wa kutafuta asioujua, na majibu matano ya kwanza yote ni matangazo. Kwa hiyo tunaingia ndani zaidi.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R. Kikifunguka kidirisha, andika appwiz.cpl, bonyeza Enter. Hii ni orodha ya programu zilizomo, na njia hii inafanya kazi kwenye Windows 7, 10 na 11. Bonyeza juu ya safu ya "Installed On" ili zijipange kwa tarehe, kisha kumbuka matatizo yalianza lini. Tazameni hapa: siku moja, programu tatu. Moja ni ya kubadili video kuwa muziki, aliyoitaka mwenyewe. Mbili zilizobaki, moja inajiita msaidizi wa manunuzi na nyingine kiongeza kasi, hakuziita. Zilipanda gari moja na ile ya kwanza. Chagua moja, bonyeza "Uninstall", na usome kila kidirisha kinachotokea, kwa sababu baadhi yake huuliza maswali ya kukupindisha: kitufe kikubwa chenye rangi ndicho cha kubakiza programu, na kile cha kufuta kimefifishwa pembeni. Usifute kitu usichokijua kwa kukisia tu. Majina ya Intel, Realtek na Microsoft yaacheni yalivyo. Jina likikutia shaka, litafute kwanza.

Tukitoka hapo, rudi Chrome, andika chrome://extensions. Hapa ndipo penye kiini cha kisa cha mama yetu.

Viendelezi ni vijiprogramu vinavyoishi ndani ya brauza. Vingine vina faida kubwa. Lakini bonyeza "Details" kwenye hiki kinachojiita kigeuzi cha PDF, usome ruhusa yake: "Read and change all your data on all websites". Maana yake kinasoma na kinaweza kubadilisha kila ukurasa unaoufungua, iwe barua pepe, iwe benki, iwe fomu ya mkopo wa chuo ya mtoto wako. Kigeuzi cha PDF kinatafuta nini kwenye barua pepe yako? Hiki ndicho kinachourusha ukurasa wa Google.

Na kwa nini kilirudi baada ya Windows kupigwa upya mara mbili? Kwa sababu hakikuwa kwenye kompyuta peke yake. Mama aliingia Chrome kwa akaunti yake ya Google, na ulinganishaji, kwa Kiingereza Sync, umewashwa. Kila Windows mpya ilipowekwa na yeye akaingia kwa barua pepe yake, alirudishiwa vitu vyake vyote: kurasa alizohifadhi, manenosiri yake, na kile kiendelezi. Angefuta diski mara kumi, kingerudi mara kumi. Hesabu zake za miaka miwili zilipotea kwa kazi isiyoweza kufaulu tangu mwanzo.

Kwa hiyo dawa ni kukifuta ukiwa umeingia kwenye akaunti yako na intaneti ipo, ili ufutaji nao ufike kwenye akaunti. Bonyeza "Remove", thibitisha. Kimekwenda.

Ukikuta kitufe cha Remove hakipo, na Chrome inasema inasimamiwa na shirika, jiulize kwanza kompyuta ni ya nani. Ya ofisini, hiyo ni kazi ya mtu wa kompyuta wa ofisi, usiiguse. Ikiwa ni yako ya nyumbani, basi kuna programu imejifanya bosi wako. Nakuja kwake baada ya muda mfupi.

Hapo hapo Chrome, fungua chrome://settings/search, rudisha mtambo wa kutafuta unaoutaka. Fungua na chrome://settings/onStartup uone ukurasa gani hufunguka mwanzoni. Kama mambo yamevurugika mno, iko chrome://settings/reset. Hiyo hurudisha mipangilio ya mwanzo na kuzima viendelezi vyote, lakini kurasa ulizohifadhi, historia na manenosiri yako havifutwi. Tovuti nyingi zitakutaka uingie upya, kwa hiyo hakikisha unayakumbuka au yamehifadhiwa.

Kuna sehemu moja mafundi wengi huisahau. Ile picha ya Chrome kwenye kioo cha mbele: bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake, chagua "Properties", tazama mstari wa "Target". Unatafuta kama baada ya chrome.exe kumeongezwa anwani ya tovuti. Ikiwepo, ndiyo sababu kila ukifungua Chrome unapelekwa huko, hata kama mipangilio yote iko safi. Ifute anwani hiyo peke yake, bonyeza OK.

Sasa yule bosi bandia, pamoja na mabaki yaliyojificha. Mimi hutumia AdwCleaner, programu ya kusaka na kuondoa vitu kama hivi. Ni ya bure, ni faili dogo lisilomaliza bando, na haihitaji kuwekwa kwenye kompyuta. Unaifungua tu inafanya kazi. Tangu 2016 iko chini ya kampuni ya Malwarebytes, kwa hiyo ipakue kwenye malwarebytes.com, si kwingine, maana zipo za kuigiza. Bonyeza "Scan Now", subiri, soma orodha, kisha ziweke karantini, yaani zitengwe zisifanye kazi. Itaomba kuwasha upya kompyuta. Kwenye mipangilio yake pana sehemu ya kuondoa sera, yaani zile amri za bosi bandia zilizopachikwa kwenye Chrome. Hapa imekamata vitu vinne. Naipa ruhusa.

Wakati inawaka, nizungumzie simu, kwa ufupi. Taarifa za tovuti kwenye Android hufungwa vile vile: Chrome, nukta tatu, "Settings", "Site settings", "Notifications". Lakini tangazo likifunika kioo kizima hata hujafungua brauza, hiyo ni programu uliyoipakua, na mara nyingi ni tochi, kibodi ya mapambo, au kile kinachojiita kisafishaji. Likitokea, usilifunge haraka. Bonyeza kitufe cha kuona programu zilizofunguliwa, utaona jina au picha ya aliyelileta. Mfute huyo.

Tuje kwenye kuzuia, kwa sababu sipendi mtu anirudie na tatizo lile lile.

Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama Ujiji ukatazama ziwani, unaona taa za wavuvi zimejipanga kama mji mwingine. Dagaa hawakimbizwi, wanaifuata taa wenyewe, wavu uko chini unasubiri. Kurasa nyingi za kupakulia zimetengenezwa hivyo. Unafungua, vitufe vinne vya kijani vinawaka, vyote vimeandikwa "Download", na cha kweli ni kile kistari kidogo chenye maandishi ya bluu. Ondoka hapo. Nenda kwa mwenye programu: VLC ya kuchezea video iko videolan.org, 7-Zip ya kufungulia faili zilizobanwa iko 7-zip.org. Unapotafuta Google, ruka majibu yaliyoandikwa "Sponsored" hapo juu, maana hayo yamelipiwa na yeyote anaweza kulipia.

Wakati wa kuweka programu, usibonyeze "Next" kama unayefukuzwa. Ukiona "Custom" au "Advanced", chagua hiyo, kisha ondoa alama ya vema kwenye kila kisanduku cha kitu usichokiomba. Programu zilizovunjwa kufuli, ndugu zangu wa steshenari naomba mnisikilize hapa, ndizo zinazoleta balaa nyingi zaidi mezani kwangu. Barua na mitihani mnaweza kuichapa kwa LibreOffice, bila kulipa na bila kuvunja kitu.

Windows yenyewe ina mlinzi. Fungua "Windows Security", "App & browser control", "Reputation-based protection", uone kama "Potentially unwanted app blocking" imewashwa.

Na kizuia matangazo? Kwenye Firefox weka uBlock Origin ya Raymond Hill. Kwenye Chrome ipo uBlock Origin Lite. Angalia jina herufi kwa herufi, kwa sababu vizuia matangazo vya bandia vimewahi kukutwa kwenye duka la Chrome lenyewe. Hata kiendelezi kizuri kikague mara kwa mara. The Great Suspender kilipendwa na watu zaidi ya milioni 2, mwenyewe akakiuza 2020, na Februari 2021 Google ikakizima kwa sababu kilikuwa na programu hasidi. Waliokuwa nacho hawakuwa wamebonyeza kitu kibaya. Ndiyo maana mimi sina viendelezi zaidi ya viwili.

Imewaka. Nafungua Chrome, naishusha kama mwanzo, na kamera naiacha ikitazama kona ile ile.

Dakika tano zimepita, kona iko tupu. Natafuta "bei ya mawese" Google. Majibu yanakuja Google, hayaruki. Limebaki moja ambalo mama atalifanya mwenyewe mbele yangu kesho: kubadili nenosiri la barua pepe, na la kila mahali alipolitumia lile lile, kwa kuwa kile kiendelezi kilikuwa kinasoma kila ukurasa. Flashi yake yenye faili jipya la madeni nimeifunga kwenye kamba pamoja na funguo za stoo.